Mabasi 12 na Daraja la Nyali: yabaki barabara kuu au yatawanywe mitaani?

Tuseme umekabidhiwa mabasi 12. Si yako. Ni ya umma, yamenunuliwa kwa kodi, na dereva analipwa awe amebeba watu 50 au amebeba upepo. Kazi yako ni kuyapanga yahudumie kaskazini ya Mombasa, kuanzia Posta kisiwani, kuvuka Daraja la Nyali, hadi Bamburi na mitaa yote iliyojificha nyuma ya barabara ya Malindi. Uyaweke yote kwenye lami kubwa yafuatane kama siafu, au uyatawanye yaingie Mlaleo, Mshomoroni, Mtopanga na Kiembeni, ambako leo mtu hutembea, hupanda tuktuk au humwomba Mungu?

Mabishano haya yako kila mji wenye mabasi ya umma, na hayaishi kwa sababu pande zote mbili zina haki. Mmoja anasema pesa ni chache, kwa hiyo zibebe watu wengi iwezekanavyo. Mwenzake anajibu kwamba kodi tumelipa sote, mbona gari lipite kwa jirani tu? Mimi ni wa Kisauni, na kabla ya kupata kazi ya kukaa kitini nilining'inia mlangoni mwa matatu miaka miwili nikiita abiria. Nitalinganisha mipango hii nikiwa nimesimama stejini, si juu ya ramani, kisha niseme ningechagua upi.

Kabla ya hayo, utazame mji ulivyokaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Kisauni pekee walikuwa 291,930 na Nyali 216,577. Maana yake ni kwamba kati ya watu wanane, saba hulala ng'ambo, na wengi wao asubuhi wanaelekea kisiwani: kazini, mahakamani, Hospitali Kuu ya Pwani, kwa wauza jumla wa Biashara Street. Wa kaskazini, zaidi ya nusu milioni, mlango wao ni daraja moja lililofunguliwa 1980. Likiziba, mji umeziba.

Hesabu yenyewe

Safari ya Posta hadi Bamburi, kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya darajani na dereva kunywa chai, nimeipigia saa 2. Ni makisio ya siku ya kawaida. Siku ya mvua uongeze mwenyewe. Mtu anayeishi ndani nimempa mwendo wa dakika 20 kufika lami kubwa, na dakika 3 basi likiingia mtaani kwake. Anayefika stejini bila kujua ratiba husubiri, kwa wastani, nusu ya muda ulio kati ya basi na basi.

| | Yote 12 barabara kuu | Njia 4 mbali mbali, mabasi 3 kila moja | Njia 4 zinazoanza pamoja kisha kugawanyika |
|---|---|---|---|
| Basi hupita kila | dakika 10 | dakika 40 | dakika 10 kabla ya kugawanyika, 40 baadaye |
| Wa barabarani husubiri | 5 | 20 | 5, ikiwa yuko kabla ya kugawanyika |
| Wa ndani hutembea | 20 | 3 | 3 |
| Wa ndani husubiri | 5 | 20 | 20 |
| Jumla ya wa ndani | 25 | 23 | 23 |

Tazama mstari wa mwisho. Mtu wa ndani, ambaye ndiye tuliyedai kumhurumia, ameokoa dakika 2 tu kwa mabasi kutawanywa. Na wa barabarani, ambao ni wengi, wamepoteza dakika 15 kila mmoja. Ukiishia hapo utasema mpango wa kwanza umeshinda na mjadala ufungwe. Wengi huishia hapo, na siwalaumu, maana jedwali halidanganyi. Ila limenyamaza kuhusu mambo mawili.

Mpango wa tatu una ujanja wake ambao watu huusahau. Mabasi yote yakitoka Posta kwa zamu iliyopimwa, basi la Kisauni, baada ya dakika 10 la Nyali, baada ya 10 tena la Bamburi, basi aliyesimama Saba Saba au Buxton anayetaka kuvuka daraja tu anapata huduma ya kila dakika 10 bila mtu kuongeza hata gurudumu. Sharti ni zamu kuheshimiwa. Gari likikaa stejini mpaka lijae, yale manne yatafuatana mkiani kisha kimya dakika 40, na mpango wote umekufa.

Dakika 20 za nani?

Jambo la kwanza ni kwamba dakika za kutembea na dakika za kusubiri si sarafu moja.

Shangazi yangu hukaa Mtopanga ndani, na huuza mbaazi na mahamri. Mara mbili kwa wiki huenda soko la Kongowea kabla ya jua, arudi na gunia la viazi nusu, vitunguu na nazi. Kwenda hana taabu. Kurudi ndiyo kazi. Gari la barabara kuu humshusha na mzigo wake, na kutoka hapo ni mchanga, kisha kokoto, kisha mtaro usio na kifuniko. Mimi hutembea kipande hicho kwa dakika 20 nikipiga simu. Yeye, na goti lake, hakitembei kabisa. Hulipa tuktuk, na siku nyingine tuktuk hiyo humla zaidi ya gari lililomtoa soko.

Kuna siku nilikuwa naye kwenye gari ambalo utingo wake alikuwa kijana mgeni.

"Mama, huo mzigo unalipa kiti."

"Kiti gani, mwanangu? Mimi mwenyewe nimekaa nusu."

Gari zima lilicheka, na lilikuwa na watu 17. Kanuni za 2004 za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliweka matatu hizi abiria 14 na mshipi kwa kila mmoja, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa mfikirie mwenye kiti cha magurudumu. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa haki ya kufikia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa. Ukinunua mabasi ya sakafu ya chini yenye ubao wa kupandia, ukayaweka yote barabara kuu, umemtimizia haki yule tu anayeishi kando ya lami. Wa ndani atalitazama basi hilo kama meli. Kwa mtu huyu jibu ni amefika au hakufika, na kutafuta wastani wake hakusaidii kitu.

Hata kusubiri kuna aina mbili. Kusubiri basi usilolijua saa yake ni kuchoka bure. Ukijua kwamba linapita msikitini saa 1 na dakika 20 kila siku ya Mungu, hutasubiri dakika 20. Utamaliza chai yako utoke. Kwa hiyo basi la kila dakika 40 linaweza kuwa huduma nzuri sana ikiwa ni la kuaminika, na kwa Mombasa ugumu uko hapo, kwa sababu basi linaloanzia Posta linabeba foleni ya Nyali mpaka Mtopanga. Ratiba haiwezi kusimama upande wa pili wa daraja usilojua litafunguka saa ngapi.

Saa ambazo soko halizitaki

Jambo la pili ambalo jedwali halikusema ni saa ya siku, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote.

Saa 1 asubuhi, Bamburi hadi Posta, haihitaji msaada wa serikali. Matatu zipo, zinashindana, zinakupigia honi ukiwa bado unafunga geti. Mwenye matatu ni mfanyabiashara na hufanya biashara yake vizuri: palipo na watu, gari lipo. Ukileta mabasi 12 ya umma saa hiyo kwenye lami hiyo, utapata takwimu tamu za abiria, utapiga picha, na utakuwa umenunua kwa kodi kitu ambacho mji ulikuwa nacho tayari.

Nenda steji ya Lights saa 3 na nusu usiku. Dukani wamefunga, hotelini wamebadilisha zamu, wauguzi wametoka, na mvua imeanza. Matatu ni 2. Utingo hasemi tena Bamburi kwa bei ya mchana, anaimba "Bamburi mia, Bamburi mia," na anayeuliza kwa nini anaambiwa asubiri ya nyuma. Ya nyuma haipo. Nikiri: mimi nimeiimba nyimbo hiyo. Tajiri wa gari alitaka hesabu yake, mafuta yalikuwa mekundu, na kurudi mjini saa hizo ni viti vitupu. Haikuwa ukatili kwa macho yangu wakati ule, ingawa yule mama aliyeshuka akaanza kutembea nimemkumbuka miaka yote hii.

Watu wakisema usawa katika mabasi, huchora ramani na kuuliza mtaa gani haufikiwi. Ni sawa, lakini pembeni mwa kisiwa chetu kuna mtaa mwingine usio kwenye ramani: kuanzia saa 3 usiku hadi saa 6, na kuanzia saa 10 na nusu alfajiri hadi saa 12. Wakazi wake ni wapishi, walinzi, wauguzi, wavuvi na wanawake wa Kongowea.

Mfano wa kwetu tunao. Feri ya Likoni huvuka usiku na mchana, mtembea kwa miguu halipi, magari ndiyo hulipa. Hakuna anayesimama saa 8 usiku kuhesabu vichwa ili aamue kama feri iendelee. Tumekubaliana zamani kwamba Likoni lazima ifikike, na mwenye gari amchangie asiye nalo. Likoni tumeielewa, barabara tu ndiyo hatujaielewa hivyo.

Basi la kuunganisha

Kuna mpango wa nne ambao sikuuweka kwenye jedwali ili usichanganye. Mabasi 9 yabaki barabara kuu, yapite kila dakika 13 hivi. Yale 3 yaliyobaki, na heri yawe madogo, yazunguke ndani tu, yasivuke daraja kabisa, yawamwage watu kwenye lami na kuwarudisha. Mzunguko wa namna hiyo nimeupa dakika 45, kwa hiyo basi hupita mtaani kila dakika 15.

Wa ndani sasa anatembea dakika 3, anasubiri kama 8, anashuka, anasubiri kama 7 tena. Jumla ni 18, chini ya mipango yote mitatu. Wa barabarani ameongezewa dakika 2 tu. Na basi la ndani halijui habari za foleni ya daraja, kwa hiyo saa yake inaaminika.

Walakini upo. Mzunguko mmoja hauwezi kupita mitaa yote minne. Utachagua miwili na mingine itakununia. Na kubadilisha gari na gunia la viazi kwenye mvua ni kazi. Dar es Salaam walianza mabasi yao ya mwendokasi Mei 2016 kwa muundo wa namna hii, barabara ya mabasi peke yake, kama kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, na mabasi madogo ya kulisha kutoka pembeni, na daladala zikaondolewa njia hiyo. Basi lenye barabara yake kweli lina mwendo, hilo halina ubishi. Lakini mabasi yalipopungua, abiria wa Kimara hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu mbadala wake ulikuwa umeshaondolewa. Kwa hiyo ukiuchagua mpango wa nne, usizifukuze matatu siku ya kwanza.

Nauli moja au nauli kwa umbali

Hapa ndipo mpango wa nne hufa au hupona. Mtu akilipa mara mbili kwa sababu wewe uliamua abadilishe gari, umemtoza faini kwa kukaa ndani. London, tangu 2016, aliyelipa basi la kwanza hupanda la pili bure ndani ya saa 1, na tangu 2018 hupanda mengine mengi kadiri awezavyo ndani ya saa hiyo. Kwetu inawezekana hata kwa tiketi ya karatasi yenye saa iliyotobolewa. Si lazima tungoje kadi ya kisasa.

Ama nauli sawa kwa wote au kwa umbali, Curitiba ya Brazil ilichagua nauli moja mtandao mzima kwa hoja nyepesi: maskini hukaa mbali, kwa hiyo safari fupi zisaidie ndefu. Mombasa inaikubali hoja hiyo nusu. Kiembeni na Utange ni mbali na watu wake wengi si matajiri, sawa. Wa Nyali wako karibu na wana uwezo, sawa pia, ila hao hawapandi basi, kwa hiyo usitegemee mchango wao. Atakayechangia ni hamali wa Kongowea anayevuka daraja tu, na huyo nauli ikipanda atavuka kwa miguu. Mimi ningeweka bei mbili na daraja liwe mpaka wake: ya upande mmoja, na ya kuvuka. Utingo hahitaji karatasi kuzikumbuka.

Bure kabisa? Luxembourg wamefanya tangu 2020. Ni nchi tajiri. Hapa shilingi hiyo ningeitumia kwanza basi lipite.

Hesabu ya mwenye gari au mshahara

Dereva wa matatu hufanya kazi kwa hesabu: jioni tajiri apate kiasi chake, kinachobaki ni cha gari. Utaratibu huo una faida ambayo watetezi wa mabasi ya serikali huidharau. Makanga anakutafuta. Anakuona ukitoka kichochoroni anapiga gari kofi, dereva anangoja, anakubebea mtoto. Ubaya wake tumeuonja: kungoja gari lijae, nauli ya mvua, na kukatisha safari Bombolulu kwa sababu mbele hakuna watu, "shukeni muingie hiyo nyingine."

Dereva wa mshahara hakatishi safari. Ila anaweza kukupita ukiwa umenyoosha mkono, kwa sababu kukubeba au kukuacha mwisho wa mwezi ni sawa kwake. Abiria wa miji mingi yenye mabasi ya serikali watakueleza habari hiyo.

Ninalolipendelea liko katikati, na ndilo London hufanya: mamlaka huweka njia, saa na nauli, hukusanya pesa yenyewe, halafu huwalipa wenye mabasi kwa huduma waliyotoa, na hukata wakikosa zamu. Kwetu wa kupewa kandarasi wapo. Kanuni za 2014 zilitaka kila gari la abiria liwe chini ya sacco, yaani ushirika, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo watu wanaojua kuendesha kundi la magari hatuwatafuti mbali. Na Katiba imezipa kaunti usafiri wa barabarani wa umma, kwa hiyo wa kuandika kandarasi naye yupo.

Ningeyapanga hivi

Houston, Marekani, walipangua mtandao wao mzima wa mabasi Agosti 2015. Kabla ya kuchora hata njia moja walikubaliana mgawo: asilimia 80 ya huduma iende penye abiria wengi, 20 iende kufikia watu hata kama viti vitabaki wazi. Nimewapendea hapo tu, kwamba walilisema kwa sauti. Bila mgawo uliotangazwa, basi la mitaani litahukumiwa kila mwaka kwa idadi ya abiria na kila mwaka litashindwa, kwa sababu halikuwekwa kwa ajili ya idadi.

Kama wewe ni mkazi wa kando ya lami na safari zako ni za mchana, mpango wa kwanza unakufaa na sitakubishia. Kama uko kisiwani, au unavuka daraja tu, mpango wa tatu utakupa huduma ileile na jirani yako wa Mlaleo naye apate chake. Lakini kwa Kisauni nzima nachagua wa nne: mabasi 8 kwenye barabara kuu, kila dakika 15, na 3 ya kuzunguka ndani, tiketi moja kwa yote mawili. Theluthi nzima ya magari, hayo 3 na moja nitakalolitaja, haitahukumiwa kwa kujaa. Ni zaidi ya Houston, na sababu ni kwamba kule anayeachwa na basi mara nyingi ana gari nyumbani.

Umehesabu ukaona yamefika 11. La 12 mchana ningelifungia, dereva wake alale. Litoke saa 10 na nusu alfajiri likusanye watu wa soko wa ndani, lirudi lipumzike. Saa 3 usiku litoke tena Posta, lipite Lights saa 3 na nusu, liingie Mtopanga mpaka msikitini, nauli ileile ya mchana, likiwa na watu 40 au likiwa na shangazi yangu peke yake na gunia lake.